Kabla ya msingi, tuulize maji yanapita wapi

Mwaka 2022 Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, alipokuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo, nilizitazama upya picha za jengo lake la Startup Lions, kituo cha vijana kujifunza teknolojia, lililoko kando ya Ziwa Turkana. Lina minara mirefu inayofanana na vichuguu vya mchwa, nayo huvuta hewa ya joto juu ili vyumba vilivyo chini vibaki na ubaridi. Nililipenda, na bado ninalipenda. Ninachohofia ni kwamba sisi wa Nairobi tutaiga minara hiyo na kuliacha swali lililoizaa.

Turkana, swali lilikuwa joto. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi hutufanya tufunge madirisha mapema. Swali letu ni maji, pamoja na udongo unaoyapokea. Ule udongo mweusi wa sehemu nyingi za jiji hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo fundi asiyeuchimba na kuuondoa kabla ya kuweka msingi huwaachia wenye nyumba nyufa zisizozibika. Mafuriko ya mwaka 2024 yalitukumbusha mengine: watu walifariki Mathare na kwingineko, kisha serikali ikaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa.

Ndiyo maana naona majengo yenye mafunzo makubwa kwetu ni yale madogo ya Kibera, ambako tangu mwaka 2006 shirika la Kounkuey Design Initiative limeshirikiana na wakazi kutengeneza maeneo ya umma kando ya vijito. Humo mna vyoo, mahali pa kufulia, viwanja vya watoto na vivuko, na kazi huanza kwa kuwauliza wanaoishi hapo maji hufika wapi mvua ikizidi. Hakuna chombo cha kupimia kinachojua hilo kumzidi mama aliyewahi kuhamisha godoro lake usiku wa manane.

Jambo jingine, ambalo kwangu lina uzito kuliko umbo la paa, ni kwamba vikundi vya wakazi ndivyo huendesha maeneo hayo, na ada ndogo ya choo au ya maji husaidia kuyatunza. Nimeona vyoo vya umma vilivyozinduliwa kwa shangwe vikifungwa kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa ufunguo wala fedha za kubadilisha mfereji ulioharibika. Ningependa ramani ya jengo lolote la jamii katika jiji hili isipitishwe kabla haijaonyesha mtaro unaelekea wapi, na kabla halijatajwa kundi litakalouzibua mtaro huo kila masika inapokaribia.