Mionzi na Kinga: Uliza Kwanza Inapigwa Wapi

Nakuru, Kisumu hadi Busia kuna ushauri unaopitishwa kutoka mdomo hadi mdomo: kabla ya kwenda kuchomwa kwa mionzi, mgonjwa wa saratani anywe kwanza mitishamba ya "kupandisha kinga", maana mionzi itaimaliza yote. Ushauri huo una punje ya ukweli, ndiyo maana unasadikika. Hata hivyo tunaupinga, kwa sababu miezi miwili ya mitishamba inaweza kuupa uvimbe nafasi ya kukua na kuenea.

Punje yenyewe ni hii. Limfosaiti, chembe nyeupe zinazomtambua adui na kumkumbuka, ni kati ya seli zinazokufa upesi zaidi kwa mionzi. Grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 1 au 2 huziua nyingi, ilhali saratani ya mlango wa kizazi hupewa kama grei 45 kutoka nje, kabla hata ya mionzi ya ndani, inayotolewa kwa chombo kinachowekwa kwenye kizazi. Tena damu haikai mahali pamoja. Matibabu hugawanywa grei 1.8 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5, na kila mashine inapowashwa kuna damu nyingine inayopita mahali pale. Limfosaiti hushuka kwa wagonjwa wengi, na huchukua miezi kurudi.

Lakini hazishuki sawa kwa kila mtu. Kwa mtu mzima, karibu nusu ya uboho unaotengeneza damu uko kwenye nyonga na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Anayechomwa hapo, na huku anapewa cisplatin, dawa ya kemo, kila wiki, ndiye damu yake inayotikisika. Anayechomwa titi hupoteza kidogo kuliko yeye. Mzee anayepigwa grei 8 mara moja tu ili mfupa uache kuuma, mara nyingi damu yake haibadiliki sana. Kwa hiyo ukiambiwa mionzi inaua kinga, uliza: mionzi ya wapi, siku ngapi, na pamoja na dawa gani?

Upande wa pili, kwamba mionzi huweza pia kuiamsha kinga, hauzungumzwi, nao ndio unaotuvutia zaidi. Mionzi ikivunja DNA ya seli ya saratani, vipande vyake huvuja nje ya kiini, na seli huvichukulia kama dalili ya virusi. Hupiga kengele ya hatari, na inapokufa huacha protini zinazookotwa na chembe za doria na kupelekwa kwenye tezi za limfu ili limfosaiti zifundishwe. Mwaka 1953 R. H. Mole wa Uingereza alibuni jina "abscopal" kwa athari inayoonekana mbali na mahali palipopigwa: uvimbe ambao haukuguswa na mionzi nao unasinyaa. Ni jambo nadra sana; anayekuahidi hilo anakudanganya. Ila ndilo lililofungua njia ya kuunganisha mionzi na dawa zinazoamsha kinga ishambulie saratani. Durvalumab, mojawapo ya dawa hizo, ikitolewa baada ya kemo na mionzi ilirefusha maisha ya wagonjwa wa saratani ya mapafu ambayo haiwezi kupasuliwa. Avelumab, nyingine ya aina hiyo, ikitolewa pamoja na mionzi ya kichwa na shingo haikusaidia. Pengine mpangilio una uzito wake, pengine kuchoma tezi za limfu kunaharibu darasa lenyewe. Kwa bei ya dawa hizi, wengi wetu huku tutaendelea kuzisikia tu.

Kwa anayeishi na HIV kuna mtego. CD4 ni limfosaiti, kwa hiyo zitashuka akichomwa, hata kama anameza ARV bila kukosa. Kliniki ikiona namba imeporomoka inaweza kudhani dawa zimeshindwa. Kipimo cha kutegemea hapo ni wingi wa virusi: vikiwa vimezimwa, CD4 peke yake si sababu ya kubadilisha dawa. Figo ndizo za kuchungwa, maana tenofovir, mojawapo ya ARV, na cisplatin zote zinazielemea. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe kabla ya kila dozi ya cisplatin, na hii ndiyo sababu kubwa ya kutoongeza mizizi isiyojulikana juu yake. Septrin, dawa ya kuzuia maambukizi, isiachwe bila neno la daktari.

Hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu, ifanywe kila wiki. Himoglobini ikiwa chini ya 10, uliza kuhusu kuongezewa damu. Nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikishuka chini ya 1.5, kwa kawaida cisplatin ya wiki hiyo ndiyo husogezwa, mionzi huendelea. Hapa ndipo watu wanapokosea: mgonjwa akisikia "damu imeshuka" anarudi nyumbani Siaya au Vihiga kupumzika wiki mbili, na seli za saratani zilizobaki zinaongezeka kwa kasi kuliko mwanzo. Mionzi ya nje na ya ndani inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Tafuta nauli na mahali pa kulala Nakuru au Eldoret kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu nauli hukatiza matibabu mengi ambayo damu isingekatiza.

Chakula cha kurudisha damu ni cha kawaida: omena, mayai, ndengu, maziwa. Tumbo likianza kuhara katikati ya mionzi ya nyonga, punguza sukuma wiki na maharagwe kwa muda, ongeza uji na maji.

Nunua kipimajoto. Joto likifika 38 na unapewa kemo pia, usimeze panadol ukangoja kuche, maana itashusha joto na kuficha maambukizi yanayoweza kuua kwa saa chache. Nenda hospitali usiku huo huo, ubebe kadi ya matibabu, na useme mlangoni kwamba uko kwenye kemo na mionzi ili usipangwe foleni.