Trimu ya Mjomba

Mjomba wangu, aliyekuwa fundi umeme wa magari mjini Tanga kabla ya kuhamia Ohio, alijijengea ndege ya viti viwili katika gereji ya nyumbani kwake. Sheria ya Marekani inamtaka mjenzi wa ndege ya namna hiyo awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa mikono yake, na sheria hiyo ilimpendeza mno, kwa kuwa aliitumia kukataa ushauri wa kila mtu, nikiwemo mimi ambaye riziki yangu ni kutengeneza foklifti za umeme. Alipokamilisha saa za majaribio, ambazo ndege huruka bila abiria, alinialika. Mbele ya kiti changu palikuwa na tangazo, nalo pia ni la lazima, linalomwonya abiria kwamba ndege hii imejengwa na mtu binafsi na haitimizi kanuni za usalama za ndege za kawaida. Nilipoanza kulisoma tena, Mjomba aliniambia nifunge mkanda.

Kwa asiyejua, kwenye ukingo wa nyuma wa bawa dogo la mkiani, lile linaloinua na kushusha pua, huwa kuna kibati chenye bawaba kiitwacho trimu, ambacho rubani hukiinamisha kidogo juu au chini ili ndege ijishikilie yenyewe bila yeye kusukuma wala kuvuta usukani. Katika ndege ya Mjomba kazi hiyo hufanywa na mota ndogo ya volti 12 inayoendesha skrubu, na swichi yake imekaa juu ya fimbo ya usukani, pale kidole gumba kinapofika. Balaa ni kwamba mota ina mwendo mmoja, ilhali ndege ina mingi. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo mguso ambao hausikiki ndege inapokaribia kutua kwa kilomita 120 kwa saa huwa na nguvu zaidi ya mara sita inapokwenda kilomita 300.

Somo hilo nililipata nikiwa nimeshika kikombe cha chai.

"Inataka kupanda kidogo," alisema Mjomba, akaigusa swichi. Pua iliinama ghafla, chai ikatoka kikombeni ikiwa bonge zima, ikasimama mbele ya uso wangu kwa muda uliotosha kabisa kuona vipande vya tangawizi vikielea ndani yake. Mjomba aligusa upande wa pili ili kurekebisha, pua ikainuka, na chai yote ikashukia mapajani mwangu, ingali ya moto.

"Kaa sawa, mwanangu."

"Mimi nimekaa sawa, Mjomba. Ndege ndiyo haijakaa."

Tulipotua nilimweleza kwamba mota ya foklifti hupunguzwa mwendo kwa kuukata umeme vipande vipande, mamia au maelfu kwa sekunde, ili kila kipande kiwe na volti zake kamili na mota isipoteze nguvu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaenda kuchomoa rezista, kile kifaa cha kubana umeme, ya feni ya gari bovu lililokuwa uani na kuiunganisha kwenye waya wa mota. Kule gereji kibati kilipanda na kushuka taratibu kwa heshima zote, naye akaniuliza kama kazini kwetu tunalipwa kwa kuyafanya mambo yawe magumu.

Safari iliyofuata ilikuwa ya kuleta mahitaji ya harusi ya binti yake. Sehemu ya mizigo, ambayo iko nyuma ya viti, tuliijaza unga, mchele na nazi mpaka pale uzito ulioruhusiwa ulipoishia, na ndege iliyolemewa nyuma hutaka kuinua pua. Mjomba alibonyeza swichi ili aishushe. Kibati kilianza kusogea, kikakutana na upepo wa kilomita 300 kwa saa, kikagoma. Mota inapozidiwa huvuta mkondo mwingi zaidi, na kadiri mkondo unavyoongezeka ndivyo rezista inavyozimeza volti nyingi zaidi, kama tajiri anayepunguza posho siku ya mzigo mkubwa. Ikabidi Mjomba aisukume fimbo kwa mkono, na mkono ulipochoka akaniamuru nisukume ya kwangu. Tulikwenda hivyo karibu safari nzima, watu wazima wawili tukisukuma vijiti bila kusemezana, na jioni yake kwenye kikao cha harusi Mjomba alilishwa pilau na mkewe huku akidai kwamba ni mapenzi tu.

Ndipo alipokubali kifaa changu cha kukata umeme vipande vipande. Nguvu ilipatikana na mwendo ukapungua, ukawa wa kurekebishwa kwa kitufe cha kuzungusha. Ila nyaya za mota, ambazo Mjomba alisisitiza kuzipitisha mwenyewe kwa ajili ya ile nusu yake ya kisheria, alizifunga fungu moja na nyaya za maikrofoni. Tulipokuwa tukiomba kutua kwenye uwanja wenye mnara wa kuongozea ndege, alikuwa akiongea na kubonyeza trimu kwa wakati mmoja, na kila neno lake lilisindikizwa na mlio mwembamba uliopanda na kushuka masikioni mwetu.

Baadaye nilizitenga nyaya hizo, nikazisokota mbilimbili na kuongeza kapasita, mlio ukakoma. Lakini siku ile mwongoza ndege alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kama tumebeba mnyama.

"Hapana," Mjomba alijibu. "Ni mtoto wa dada yangu."