Eti Huku Hakuna cha Kupiga Picha

Rafiki yangu kaniandikia juzi kwamba ile ahadi yake ya picha moja kila siku kaiacha. Sababu? Kahama mjini, karudi shamba, na "huku hakuna cha kupiga." Nikaweka simu chini, nikaichukua tena, nikausoma ujumbe mara ya pili nione kama anatania. Hatanii. Kilichonikera zaidi ni kwamba huyu huyu, alipokuwa bado kapanga chumba katikati ya mji, alilalamikia upande wa pili: kote zege na magari, uzuri uko mashambani, laiti angekuwa na mti mmoja tu mbele ya dirisha. Sasa miti anayo ya kumwaga, na kamera imelala kabatini.

Basi leo niseme, maana si yeye peke yake. Hakuna mahali pasipo na cha kupiga. Wapo watu wanaotaka mahali pawafanyie kazi ya kutazama.

Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani ilipigwa shamba, mwaka 1826 au 1827, nyumbani kwa mvumbuzi Nicéphore Niépce huko Saint-Loup-de-Varennes, Ufaransa. Alisafiri kwenda wapi kuitafuta? Hakwenda popote. Aliielekeza kamera nje ya dirisha la ghorofani, akaiacha wazi kwa saa nyingi, na kilichotoka ni mapaa na kuta za majengo yake mwenyewe. Miaka kama kumi na kitu baadaye, mwaka 1838, mvumbuzi mwenzake Louis Daguerre akaupiga mtaa wa Boulevard du Temple, Paris. Naye alikuwa dirishani! Shamba dirishani, mji dirishani, na hakuna hata mmoja aliyesubiri likizo.

Zitazameni vizuri picha hizo mbili. Ile ya Niépce ilichukua muda mrefu hivi kwamba jua lilihama angani picha ikiwa bado inajiandika, ndiyo maana kuta zinazotazamana zinaonekana zimeangazwa zote. Majengo yalikaa, mwanga ukatembea. Kwa Daguerre mtaa ulikuwa na pilikapilika za kila siku, lakini wapita njia hawakutulia muda wa kutosha kushika kwenye bamba, lile la chuma lililopokea picha kabla ya filamu, wakafutika wote. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu. Kwangu mimi somo la mji na shamba limo humo lote. Mjini ukuta haubadiliki, watu ndio wanaobadilika, kwa hiyo simama uwangoje. Shamba watu ni wale wale na njia ni ile ile, anayefanya kazi ni jua, mawingu na msimu, kwa hiyo rudi pale pale. Anayekwenda shamba na mazoea ya mjini, anageuza shingo huku na huku akitafuta tukio, hatapata. Tukio la shamba ni kwamba jana ukungu ulifika kwenye mti wa tatu na leo umeishia kwenye wa kwanza.

Najua mtaniambia hilo ni jambo dogo. Haya, mpiga picha Josef Sudek alikuwa na jambo kubwa gani? Mtu aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akabaki kubeba makamera mazito kwa mkono mmoja, na tangu 1940 hadi 1954 akawa anapiga dirisha la studio yake mjini Prague. Miaka 14! Kioo kikiwa na umande, kikiwa na barafu, kikitiririka maji ya mvua, na nje yake mti mmoja uliopinda. Mji ulikuwa chini ya utawala wa Wanazi alipoanza. Kuzurura na kamera barabarani hakukuwa mchezo. Akabaki ndani na akapata kazi ambayo leo watu wanaipangia foleni kwenye makumbusho. Na Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, Marekani, alipiga chembe ya theluji kwa mara ya kwanza kupitia hadubini mwaka 1885, akaendelea hapo hapo shambani hadi alipofariki mwaka 1931, akiwa na picha zaidi ya 5,000 za chembe hizo. Za chembe za theluji! Sasa mwambie Bentley kwamba shamba hakuna cha kupiga.

Mimi mwaka huu nimekuwa nikigawa maisha, siku kadhaa mjini kikazi na zinazobaki shamba. Shamba nilijichagulia kona moja: mlango wa uzio wa jirani, mbao zake zimeanza kuoza, na njia inayopita mbele yake. Kila nikipita napiga. Haikuchukua muda jirani akaja kuniuliza, kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kasirika, kama kuna tatizo lolote na mpaka wa ardhi. Ndivyo ilivyo, shamba mtu anayepiga picha uzio wa mwenzake kila siku anaandaa kesi. Nikampa simu azione mwenyewe. Akapitisha moja baada ya nyingine, kimya, kisha akaanza: hapa mvua ilikuwa haijanyesha, huyu ng'ombe si wangu, kapitaje hapa, siku hii komeo lilikuwa bado lipo, kumbe limeng'oka katikati ya wiki. Mimi nilikuwa nikiangalia kivuli kinavyolala kwenye mbao, sikuliona komeo. Yeye kila picha kwake ilikuwa na habari. Tangu hapo ndiye anayeniuliza kama ya leo nimeshapiga.

Hapo kuna jambo la adabu ambalo watu wa mjini hawalipendi kusikia. Mjini unajificha ndani ya umati, unampiga mtu asiyekujua na kesho hamtaonana, ukajidanganya kwamba kutojulikana ni ruhusa. Shamba utakutana naye kesho, na kesho kutwa, na kwenye msiba. Unaomba. Wageni wa mwisho wa wiki wanaoshuka na lenzi ndefu kama bomba la maji, wakampiga bibi wa watu mikunjo ya uso bila hata salamu, halafu wakaandika chini yake neno "uhalisia", hao sina la kuwaambia linaloandikika hapa.

Nikubali kidogo, kwa shingo upande. Ni kweli jua la utosi shamba hulalia kila kitu, vivuli vinajificha chini ya vitu na rangi zinapauka, na kama nafasi yako ni saa saba mchana pekee utakata tamaa. Lakini pale pale kuna chini ya baraza, kuna mlango ulio wazi na chumba chenye giza nyuma yake, kuna mkono wa mtu anayefanya kazi kivulini. Na ni kweli mfanyakazi wa mjini anaweza kutoka nyumbani giza na kurudi giza. Huyo ana taa za barabarani, ana kioo cha basi usiku ambacho kinakupa abiria na barabara katika picha moja, ana ngazi za jengo lake mwenyewe. Siku nyingine itatoka picha mbaya. Itoke. Mnaacha kwa sababu ya picha mbaya kama vile mliahidi picha nzuri kila siku. Mliahidi picha.

Jamie Livingston wa New York alianza na Polaroid yake, kamera inayotoa picha ya karatasi papo hapo, tarehe 31 Machi 1979, picha moja kwa siku, akaendelea mpaka 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki, ambayo pia ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Zipo zaidi ya 6,000. Ukizipitia utakuta nyingi ni za kawaida kabisa: marafiki wamekaa, meza, barabara, mtu kageuka vibaya. Halafu ugonjwa unaingia polepole, hospitali, kitanda, na zile za kawaida zilizotangulia zinabadilika uzito machoni pako bila yeye kuzigusa. Kama angekuwa na tabia ya kuchambua, hii inafaa hii haifai, tungebaki na machweo kadhaa.

Ndiyo maana zile programu za kuhesabu siku mfululizo zinanichefua. Umeuguliwa na mtoto, umekosa siku moja, programu inakurudisha sifuri na kakisikitiko kadogo ka manjano. Asante sana. Mtu mzima anaadhibiwa na kikatuni, na kesho yake, kwa hasira au kwa aibu, anaifuta programu pamoja na tabia yenyewe. Ukikosa siku, piga kesho. Tarehe na saa kamera inaziandika ndani ya faili lenyewe, huhitaji karani wa kukusimamia.

Kuhusu kuposti, fanya upendavyo. Vivian Maier alifanya kazi ya yaya Chicago, akapiga picha zaidi ya 100,000 na karibu hakuna aliyeziona hadi vitu vyake vilipopigwa mnada mwaka 2007. Mikanda mingi ya filamu ilikuwa haijasafishwa hata na yeye. Sisemi mfiche kama yeye. Nasema laiki hazikuwepo na mkono wake haukusita.

Kitu kimoja ambacho kimenisaidia kweli, na hakina ushairi wowote: funga picha kwenye jambo unalofanya tayari. Mjini napiga nikisubiri basi, kituo kile kile, kabla basi halijafika. Shamba napiga nikienda kufungua maji. Sitafuti muda kwa sababu muda huo nilikuwa nimesimama tu hata hivyo. Rafiki yangu nimemjibu hivyo, akaniuliza basi anunue lenzi gani kwa ajili ya mandhari ya shamba. Sijamjibu bado. Nimemwambia kwanza anitumie picha ya alichokiona nje ya dirisha lake leo asubuhi, kwa simu hiyo hiyo aliyoniandikia.