Serikali Ikichukua Taarifa za Simu, Mteja Ajulishwe

Hapa Ujerumani, kama ilivyo kwetu Tanzania, huuziwi laini ya simu bila kitambulisho. Tangu Julai 2017 hata laini ya kulipia kabla haiwashwi mpaka pasipoti ihakikiwe. Kwa hiyo sikubaliani na Watanzania wenzangu wanaodai kwamba Ulaya serikali haimfuatilii mtu. Inamfuatilia, lakini polisi wakitaka kujua nimempigia nani na simu yangu ilisoma mnara upi, kwa kawaida lazima wapate amri ya hakimu, na sheria inataka mhusika aje ajulishwe baadaye.

Ulinzi huo wananchi wameupigania. Wapatao 35,000 walikwenda Mahakama ya Katiba kupinga sheria iliyozilazimisha kampuni kuhifadhi kumbukumbu za mawasiliano ya kila mteja kwa miezi sita, na tarehe 2 Machi 2010 mahakama hiyo, iliyoko Karlsruhe, ikaamuru zilizokwisha kukusanywa zifutwe mara moja.

Nyumbani tuliweka dole gumba kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli, tukiwahi tarehe 20 Januari 2020 ili laini zisifungwe, bila kuelezwa ni nani mwingine angeweza kuzisoma taarifa zetu. Septemba 2024 ziliibuka habari, tena kutoka London, za ushahidi wa aliyekuwa mchunguzi wa kampuni ya Millicom: kwamba Tigo, iliyokuwa kampuni yake tanzu nchini, iliipa Serikali taarifa za simu ya Tundu Lissu, pamoja na mahali alipokuwa, katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Ilipita miaka saba, na umma uliyajua hayo kwa sababu tu mfanyakazi wa zamani alikuwa na kesi ya ajira dhidi ya mwajiri wake Uingereza. Jambo hili linaniuma sana.

Kaka yangu husema kwamba asiye na kosa hana cha kuogopa. Lakini simu inajua mtu analala wapi, anatibiwa hospitali gani na nani amemtumia fedha, na hayo yakiangukia mikononi mwa mwenye nia mbaya, kutokuwa na kosa hakumwokoi.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imetuletea Tume. Ninachoomba ni kampuni za simu zilazimishwe kudai amri ya mahakama kabla ya kutoa chochote, zitangaze kila mwaka zimeombwa taarifa mara ngapi, na mteja aandikiwe uchunguzi ukishakwisha.