Serana aponywe au aachwe alivyo?

Ukishamuua Lord Harkon, bwana wa wanyonya damu, ndani ya kasri la Volkihar, gemu la Skyrim linakufungulia swali ambalo halikuwepo kabla. Sasa unaweza kumuuliza Serana kama amewahi kufikiria kutibiwa, aache kuwa mnyonya damu. Mmetembea pamoja tangu siku ulipomfungua kwenye pango la Dimhollow, amebeba hati ya kale mgongoni, hajui hata kama kuna dola katika nchi ya Cyrodiil, maana alifungiwa humo karne nyingi. Na huyo uliyemuua dakika chache zilizopita ni baba yake mzazi.

Dawnguard, nyongeza ya Skyrim iliyotoka mwaka 2012, nimeicheza mara kadhaa. Mara ya kwanza nilimwambia Serana akatibiwe bila kufikiri mara mbili. Niliona mgonjwa, nikaona na dawa ipo. Mara ya pili nilisita. Tangu hapo sijamwomba tena, ingawa wanaomponya nawaelewa na hoja yao si nyepesi.

Hoja hiyo inaanza na namna alivyoupata unyonya damu. Watu wa kawaida katika nchi ile huambukizwa vitani, na wakiwahi kunywa dawa ndani ya siku tatu yanaisha. Serana hakuambukizwa hivyo. Familia yake ilijitoa kwa Molag Bal, bwana wa kuwatawala na kuwadhalilisha viumbe. Harkon alichinja watu elfu moja wasio na hatia ili apewe uzima usiokwisha. Mke wake Valerica na binti yao walitolewa kwa Molag Bal katika ibada ambayo wanawake wengi hawatoki hai, na wanaotoka huitwa Mabinti wa Coldharbour. Serana akiulizwa kuhusu ibada hiyo anasema tu kwamba inadhalilisha, kisha anaikwepa. Anayesikia jibu lile hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo wanaotaka aponywe wanasema damu ile ni alama ya aliyemdhulumu, na kuiacha mwilini mwake ni kumwacha Molag Bal abaki na sehemu yake. Wanaongeza kwamba unabii wa kulitia jua giza ulihitaji damu ya binti wa aina yake, ndiyo maana baba alimwinda. Harkon amekufa, lakini nani anajua kama hatatokea mwingine mwenye tamaa ileile? Halafu kuna wanaonyonywa. Katika safari nzima gemu halikuonyeshi Serana akila, jambo linalotufanya tusahau, ila ukumbi wa kasri la kwao una meza zilizolazwa watu. Sisi tuliokua tukitishwa na habari za mumiani tulifundishwa kukimbia tu. Hakuna aliyewahi kutuuliza kama mumiani naye angependa kuacha. Kumuuliza Serana, wanasema, ni heshima.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Kuuliza ni sawa, lakini tazama gemu linavyoyapanga mazungumzo. Swali lako la kwanza linamshtua, anataka kujua kwa nini unauliza. Unawekewa majibu ya kuchagua. Ukikosea anachukia na mambo yanaishia hapo. Ukipatia anakubali, anaondoka peke yake kwenda mji wa Morthal kwa mchawi Falion, na baada ya muda unamkuta amerudi, macho yake hayang'ai tena. Wachezaji hupeana jibu sahihi kama watu wanaopeana namba ya kufungulia kufuli. Ridhaa inayopatikana kwa kujua neno gani litambonyeza mtu mahali anapoumia, tena siku aliyompoteza baba yake, mimi siioni kuwa ridhaa kamili.

Na mwili huu umeshaamuliwa mara nyingi mno. Baba aliutaka kwa ajili ya unabii. Mama aliuficha ndani ya jiwe kwa karne nyingi, akiamini anamlinda. Serana anapokutana na mama yake kule Soul Cairn, ulimwengu wa roho zilizonaswa, kinachomtoka kwa uchungu ni kwamba Valerica hakuwahi kumuuliza kama kufichwa vile ndiko kulikomfaa. Mimi nimesimama pembeni nikisikia maneno hayo. Siku chache baadaye nimfuate na wazo langu kuhusu mwili uleule? Nitakuwa mtu wa tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji hulipita haraka, nami naona ndilo zito kuliko yote. Wewe mwenyewe ukiwa mnyonya damu na ukamwendea Falion, anakuagiza ulete kito cheusi cha roho, tena kilichojaa. Vito vyeusi havijazwi kwa roho za mbwamwitu. Hujazwa kwa roho za watu. Roho hiyo ikishatumika haipumziki, inatupwa Soul Cairn, uwanja uleule wa majivu na vilio alikojificha Valerica, ambako umepita ukaona watu wakizunguka bila matumaini. Tiba ya Serana hatuonyeshwi inavyofanyika. Lakini kama Falion anatumia njia ileile, basi kuna mtu mmoja amelipa milele ili macho ya Serana yabadilike rangi. Anayesema anamponya kwa kuwahurumia wanaonyonywa damu ana deni la kueleza habari za huyo mmoja.

Wapo pia wanaomponya wakitaraji kumwoa. Hao sina mengi ya kuwaambia: gemu lenyewe haliruhusu, aponywe asiponywe, na akiulizwa anaeleza kwamba mahekalu si mahali pake. Suala la nguvu nalo lina jibu rahisi, maana akiponywa hawezi tena kukugeuza wewe. Aliyekuwa anataka kugeuzwa na Serana kuwa bwana wa wanyonya damu aamue mapema.

Nakubali kwamba msimamo wangu una tundu. Nikimwacha, damu itaendelea kuhitajika, na kutoonyeshwa wanaoitoa hakuwafanyi wasiwepo. Sijapata jibu linaloniridhisha juu ya hilo. Ninachojua ni kwamba Serana si Harkon: alikwenda mwenyewe kwenye ngome ya Dawnguard, kundi la wawindaji wa wanyonya damu, mbele ya kiongozi wao Isran anayewachukia wanyonya damu kuliko kitu chochote, akaomba msaada wa kumzuia baba yake. Mtu mwenye uwezo huo wa kuamua anaweza kuamua na hili.

Laiti watengenezaji wangemwachia yeye ayaanzishe mazungumzo yale, tuseme baada ya mwezi mmoja wa safari, usiku, tukiwa tumekaa mahali. Angeniambia anafikiria kwenda Morthal, nami ningemsindikiza hadi mlangoni kwa Falion na kumuuliza Falion kile kito amekipata wapi. Gemu halina mazungumzo hayo. Basi asubuhi jua likichomoza Serana anavuta kofia ya joho lake usoni, analalamika kidogo kuhusu mwanga, na tunaendelea na njia.