Azimio ndio mimi

Hivi mtu ukiamua kumpa mtoto jina la karatasi si ungemuita hata Risiti, au Kibali, angalau apate kusaidia watu. Natoka benki sasa hivi, shati limeganda mgongoni, na shida niliyoenda nayo nimerudi nayo nzima haijapungua hata robo.

Wa VICOBA, hivi vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, mnanielewa. Mweka hazina wetu kamfuata mume Kibaha, pesa za watu zimelala, wakina mama wanataka mgao kabla shule hazijafunguliwa, na mimi nikachaguliwa kushika nafasi yake kwa kura zote kwa sababu siku hiyo sikuwepo kikaoni. Haya. Nikavaa suruali ya harusini, kalamu mfukoni, bahasha ya kaki kwapani, nikaenda kubadilisha sahihi ya kikundi kama mtu mwenye heshima zake. Foleni siizungumzii.

Nafika dirishani namkuta binti, kucha za kubandika ndefu mpaka anabonyeza kibodi kwa ubapa wa kidole, mpole lakini, ananipa shikamoo safi kabisa. Nikamwambia mwanangu nimekuja kubadilisha sahihi ya kikundi.

"Sawa baba. Umekuja na azimio?"

"Azimio ndio mimi."

Akatabasamu, lile tabasamu la kumvumilia mzee. "Hapana baba, naulizia azimio la kikao."

"Ndio huyo huyo mwanangu, kikao kimenichagua mimi, Azimio."

"Sawa, sasa liko wapi?"

"Si niko hapa mbele yako!"

Akamtazama mlinzi. Sio kumuita, kumtazama tu, ila mlinzi akasogea hatua mbili, mi nikajifanya sijaona. Nikatoa kitambulisho nikakipitisha chini ya kioo. Akakisoma, akakigeuza nyuma, akakirudia mbele. Eti, "Baba hapa watakuwa walikosea, wamekuandikia azimio sehemu ya jina." Nikamwambia hawajakosea, aliyekosea ni marehemu baba. Akarudi kwenye fomu, na fomu nayo ndio ikamwaga petroli, maana nimepanga Temeke, kata ya Azimio.

"Baba hapa umerudia. Kata nimeiona, Azimio. Sasa nataka jina."

"Azimio."

"Hiyo ni kata."

"Kata ndiyo, na jina ndiyo."

"Yani wewe ni Azimio wa Azimio?"

"Sasa tunaanza kuelewana."

Tulikuwa hatujaelewana. Akafungua muhtasari, na hapo katibu wetu ambaye anapenda Kiswahili cha mahakamani alikuwa ameandika kwamba kikao kimeazimia Azimio awe mweka hazina na azimio hilo likaungwa mkono na wajumbe wote. Binti akaweka ukucha kwenye huo mstari. "Hapa kilichoungwa mkono ni azimio au ni wewe?" Na kusema kweli ni swali zuri, hata mimi nilisimama nikafikiria.

Akaenda kumuita mkubwa wake. Akaja mama mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni, hana muda na mtu. Hakuniangalia usoni, akaangalia makaratasi.

"Azimio la lini hili?"

Mimi nikajua anaulizia umri. "La tarehe 5 Februari 1977, mama."

"Ooh, limepitwa na wakati. Lililozidi miezi mitatu hatupokei."

Foleni nzima ikacheka. Mi sikucheka. Nina karibu miaka hamsini nacheka kwa adabu kila mtu akigundua utani wa jina langu, leo cheko limeisha, nikapandisha sauti, nikasema mimi sio karatasi! Mimi ni mtu! Nina mke! Ndio wakanyamaza, na katika ule ukimya nyuma yangu akajikohoza mzee mmoja, mwalimu mstaafu, huwezi kumkosea, kalamu tatu mfukoni na kaunda suti ya kijivu.

"Nyie watoto," akasema, "huyo mnayemfukuza ndiye aliyewapa benki."

Akaanza. Akawaeleza kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa Jumapili, tarehe 5 Februari 1967, na kesho yake tu Jumatatu mabenki yakatangazwa kuwa mali ya umma, ndio ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, kisha vikafuata viwanda na mashamba makubwa. Kijana mmoja mwenye spika ndogo masikioni akauliza na wenye benki walinyang'anywa hivi hivi tu? Mwalimu akamwambia fidia ililipwa, vua hayo madude masikioni nikufundishe. Halafu akageukia foleni akanyanyua kidole. "Ili tuendelee tunahitaji vitu vingapi?"

Naapa, kila mwenye mvi mle ndani alijibu. "Vinneeee!" Watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, wameimba kama darasa la nne, na yule mama wa miwani na yeye midomo ilikuwa inacheza, nimemuona. Mpaka mlinzi. Mi kifua kimejaa, nikasema leo basi jina langu limenilipa.

Binti akasubiri wamalize, kwa heshima tu. "Na sisi baba tunahitaji vitu vinne. Muhtasari, muhuri wa mtendaji, picha mbili za pasipoti, na azimio lenyewe liwe kwenye karatasi yake peke yake."

Nikarudisha bahasha kwapani.

Sasa mnataka kujua nani kanifanyia haya. Mzee alikuwa balozi wa nyumba kumi, na redio yake ya mbao ndio ilikuwa inaipangia familia majina. Usiku mama yuko leba, Radio Tanzania inatangaza TANU na Afro-Shirazi zimekuwa kitu kimoja, CCM imezaliwa, tarehe wameichagua makusudi iangukie miaka kumi ya Azimio. Kwa hiyo nilikoswakoswa kuitwa Chama. Mnaona bora ipi? Mimi nimeshapima mara nyingi sijapata jibu. Na sio mimi tu, dada yangu kazaliwa 1974 wakati watu wanahamishiwa vijijini anaitwa Operesheni, akienda hospitali nesi akimuita jina wagonjwa wenzake wanampa pole. Mdogo wetu wa 1979 vita na Amin vimeisha anaitwa Ushindi, na huyo sijawahi kumuona akishinda hata bahati nasibu ya kanisani. Mzee alikuwa anatuambia na yeye alitembea kwa miguu kuliunga mkono Azimio, mwaka ule Mwalimu Nyerere alipotembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Shahidi wa hayo matembezi ya mzee sijawahi kumpata.

Kinachoniuma jina lenyewe halina watu, lina majengo. Kuna shule za msingi Azimio, kuna kata, Arusha kuna mnara, na lile jumba walilokaa kulipitisha limekuwa makumbusho ya Azimio. Makumbusho jamani! Jina langu limewekwa ndani, watu wanalipa kiingilio kulitazama, na mimi nadaiwa kodi ya miezi miwili. Ila mtu wa kumuita wajina nitakunywa naye chai hakuna. Wakina Mashaka, Shida, Tabu na Masumbuko wako kila mtaa na wanaishi kwa amani, hakuna benki inayokwambia njoo na Mashaka, unakuja nayo mwenyewe. Wasukuma ndio wamepanga vizuri zaidi, mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, mtoto wa mvua ni Mabula, imeisha, hakuna wa kukuuliza ulipitishwa na kikao gani. Hata jirani zetu Kenya, mzee kampa mwanae jina la Uhuru mwaka 1961 na mtoto kawa Rais. Mimi mweka hazina wa VICOBA, na hiyo nayo bado haijathibitishwa.

Na hao hao Kenya mwaka 2022 wakaanzisha muungano wao wa Azimio la Umoja. Shemeji yangu yuko Mombasa, matokeo yalipotangazwa akanipigia simu usiku kunipa pole. Nikashindwa uchaguzi ambao hata kadi ya kupigia kura sina!

Halafu kuna wale wasomi, wakisikia jina wanataka kunipima kama nafuata miiko. Lile Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa kwenye kampuni. Bwana, hiyo miiko naitii bila hata kujikaza. Nyumba ya kupangisha sina, ninayo ya kupangishwa, hisa nazisikia kwa wenzangu, na mshahara wa pili tuuache kwanza maana wa kwanza wenyewe ukiingia tarehe 28 tarehe 2 unauulizia. Februari 1991 wakubwa wakakaa Zanzibar wakalegeza hiyo miiko, ruksa kuwa na nyumba, ruksa hisa, nilikuwa na miaka 14. Mzee alizima redio akatoka nje akaenda kukaa na mbuzi. Kwa hiyo kitaalamu mimi nilishafanyiwa marekebisho zamani, ila mifukoni taarifa haijafika mpaka leo.

Binti yangu mkubwa na yeye kajifungua mwezi uliopita, nikasema basi babu nipewe nafasi ya kupendekeza, nikanyamazishwa na mama yake kabla sijamaliza sentensi. Jina wamelitoa kwenye tamthilia ya Kituruki. Bibi yake ameshindwa kulitamka, anamuita "wewe".

Mtaani kwangu wamelifupisha, wananiita Mzee Azima, na ukiitwa Azima watu wanaona ni ruhusa. Leta pampu mzee Azima, leta msumeno, leta koleo tunakoroga zege kidogo tu. Ngazi yangu ya aluminiamu, ile nzuri ya kukunja, ilichukuliwa na fundi madishi akafunge kwa jirani nusu saa, nusu saa yenyewe ilikuwa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Na dishi langu na lenyewe upepo umeligeuza linatazama kwa mama muuza mkaa, mpira nasikiliza kwa kelele za majirani, wakipiga yowe najua kuna goli ila la nani sijui, na ili nilipande nilinyooshe nahitaji ngazi, na ngazi anayo fundi, na fundi nikimpigia anasema niko njiani mzee wangu, nyuma yake nasikia kabisa mtu anagonga bati juu, yani yuko juu ya ngazi yangu, ananijibu kutoka juu ya ngazi yangu! Na leo kanikatia simu eti chaji imeisha.