Bei ya Wiketi Iliyokwisha Kuanguka

Jirani yangu hutazama kriketi kwa king'amuzi, nami huitazama kwa simu. Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo wiketi ikianguka, yaani mpigaji akitolewa, mimi huipata kwanza kwa ukelele wake, kisha husubiri karibu nusu dakika ndipo nimwone mrushaji yule yule akianza kukimbia kwenye kioo changu. Nusu dakika hiyo ndiyo inayonifanya niyatilie shaka masoko ya utabiri yanayouza matokeo ya mechi za kimataifa za siku moja.

Katika masoko haya, ambayo Polymarket na Kalshi ndiyo yanayotajwa sana, huweki mkeka kwa kampuni iliyopanga odi zake, yaani viwango vya malipo. Unanunua jibu, tuseme "India itashinda", kutoka kwa mtu anayeamini kinyume. Likitimia unalipwa dola 1, lisipotimia hupati kitu. Jibu likiuzwa kwa senti 70, husemwa kwamba soko linaipa India nafasi ya asilimia 70. Watetezi huiita bei hiyo hekima ya wengi, na katika uchaguzi, ambako habari hutiririka kwa wiki nzima, siwabishii sana. Kriketi ya siku moja ni kitu kingine. Kila timu ina ova 50, yaani mipira 300, na kila mpira unaweza kuisukuma bei kabla picha yake haijamfikia aliye nyumbani. Anayeniuzia kwa bei inayoonekana nafuu huenda hana ujuzi wowote kunizidi. Amekwisha kuona tu wiketi ambayo mimi bado sijaiona. Si bure kwamba walinzi wa viwanja huwatafuta watazamaji wanaotuma taarifa ya kila mpira kwa simu.

Chukua mechi ya tarehe 7 Novemba 2023 katika uwanja wa Wankhede, Mumbai. Australia ilikuwa ikiifukuzia Afghanistan iliyopata mikimbio (pointi za kriketi) 291, ikajikuta na 91 kwa wiketi 7. Glenn Maxwell alifikisha 201 bila kutolewa, kwa mipira 128, huku Pat Cummins akilinda upande wa pili kwa mikimbio 12 tu katika mipira 68. Wapenzi wa masoko haya huipenda sana hadithi hiyo, kwa kuwa aliyenunua Australia kwa bei ya kutupa alivuna. Mimi hukumbuka kipande kingine: Maxwell, misuli imemkaza, amelala chali uwanjani, na mwenzake Adam Zampa ameshuka ngazi akiwa na gongo lake la kupigia mpira, tayari kuingia badala yake. Bei ya Australia katika dakika zile ilitegemea ngazi zile. Aliyeketi jukwaani aliona Zampa akishuka, na aliona pia Maxwell akikataa kutoka. Sisi wengine tulioneshwa kilichoteuliwa na kamera, tena kwa kuchelewa.

Yapo pia maneno ya mkataba, ambayo wengi huyasoma baada ya pesa kwenda. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2019 pale Lord's ilimalizika kwa 241 kwa 241, ova ya ziada ikamalizika 15 kwa 15, na Uingereza ikapewa kombe kwa kuwa na mipira mingi zaidi iliyofika mpakani, 26 dhidi ya 17. "Nani atashinda mechi?" na "Nani atatwaa kombe?" yalikuwa maswali mawili siku ile. Mvua nayo ina sheria zake: kila timu isipopata nafasi ya kucheza angalau ova 20, mechi kwa kawaida haina matokeo.

Sisi Wakenya tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu. Maurice Odumbe, nahodha aliyetuongoza kuishinda West Indies pale Pune mwaka 1996, alifungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa uhusiano na mtu wa kamari na kwa kupokea fedha. Wakati ule kishawishi kilihitaji mtu wa kuja na bahasha. Katika soko la utabiri mtu hununua jibu la "hapana" kwa wepesi ule ule anaonunulia "ndiyo", maana yake kushindwa kwa timu nako ni bidhaa. Na pale malipo yanapofanywa kwa sarafu za kidijitali, jina la mnunuzi kwenye daftari la wazi la miamala ya sarafu hizo ni mfululizo wa herufi na tarakimu.

Juzi jirani aliniambia kwamba anafikiria kuweka pesa kidogo, kwa kuwa yeye, tofauti na mimi, huona kila kitu papo hapo. King'amuzi chake hupokea picha kwa setilaiti, sekunde kadhaa baada ya uwanja.